Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujawauliza Wenzako

Mwanangu mpendwa,

Jioni uliniandikia kwamba ile filamu imekuliza. Kulipokucha ukaniambia ni ya kawaida tu, imevumishwa bure. Kati ya jioni na asubuhi hukuitazama tena; ulisoma maoni ya watu. Kubadili mawazo si kosa. Mimi naulizia tu waliokubadilisha.

Mwaka 2006 watafiti watatu waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walichapisha jaribio ambalo silisahau. Watu zaidi ya 14,000 waliingia kwenye tovuti iliyokuwa na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Wapo waliosikiliza bila kujua wenzao wamechagua nini. Waliobaki waligawanywa makundi manane, kila kundi likiona idadi ya waliopakua wimbo ndani ya kundi lake tu. Nyimbo zilikuwa zilezile na kila kundi lilianza na sifuri, lakini wimbo uliotamba huku ulidoda kule. Zile nzuri hasa ni nadra kushika mkia, na mbovu kabisa ni nadra kuongoza. Zilizobaki, yaani nyingi, zilipanda na kushuka kwa kutegemea waliotangulia kuchagua. Na kazi nyingi tunazobishania, mwanangu, ni za hapo katikati.

Wenye kumbi walilijua hili kabla ya watafiti. Paris ya karne ya 19, nyumba za opera zililipa watu wa kupiga makofi. Wengine kazi yao ilikuwa kucheka, wengine kujifuta machozi kwa leso, wengine kupaza sauti wimbo urudiwe. Baadaye televisheni ya Marekani ikaweka vicheko vilivyorekodiwa, ili hata aliye peke yake sebuleni ajue pa kucheka. (Mimi vinanikera, lakini nakiri nami hucheka.)

Usidhani wahakiki wamesalimika. Hutazama filamu pamoja, husomana, na kila mmoja anajua ni maoni gani yatamfanya aonekane mshamba. Filamu ya Vertigo ya mwongozaji Alfred Hitchcock ilipotoka mwaka 1958 wahakiki waligawanyika. Mwaka 2012 kura ya jarida la Uingereza Sight and Sound ikaitaja kuwa filamu bora kuliko zote. Miaka kumi baadaye kura ileile ikaweka nyingine juu.

Halafu zile asilimia unazonitumia. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu, 95 si alama ya ubora. Maana yake ni kwamba katika kila wahakiki 100, 95 wameipitisha, hata kama wote wameipitisha shingo upande. Filamu ambayo kila mtu anaiona "si mbaya" inaweza kuipita ile ambayo nusu ya watu wanaiabudu na nusu hawaitaki kabisa. Wewe unayependa vitu vya ajabu ndiwe utakayepunjwa zaidi na hesabu hiyo.

Ila usije ukawa yule rafiki yako anayeponda kila kinachopendwa. Naye anautazama mkumbo kwanza ndipo ajue pa kuelekea.

Ninachokuomba ni kidogo. Ukimaliza kutazama, andika mistari mitatu kabla hujafungua simu: kilichokugusa, kilichokuchosha, na pale ulipokosa kuelewa. Kisha wasome wahakiki kadiri unavyotaka, maana mhakiki mzuri atakuonyesha taa, ukimya au kipande cha muziki kilichokupita. Akikushawishi kwa kitu unachoweza kurudi ukakiona mwenyewe, badilika bila aibu.

Na mkiwa kwenye mazungumzo, wenzako wakaiponda kazi uliyoipenda, sema. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu walikubali urefu wa mistari ambao macho yao yaliukataa, kwa kuwa tu kundi zima limesema hivyo. Alipokuwepo mtu mmoja tu wa kutaja jibu sahihi, waliofuata kundi walipungua sana. Huenda mwenzako mmoja hapo naye amekaa kimya akisubiri mtu aanze.

Akupendaye,
Mama