Kaka, mashine ya sukari haikumuua mama

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimesikia kwa wifi, si kwako, kwamba na wewe umekutwa na sukari. Nililia. Kisha akaniambia mashine ya kupimia unayo, ila unajipima siku ukijisikia vibaya tu. Hapo nikakasirika.

Sukari haipigi hodi. Yaweza kuwa 14, juu mno, nawe unacheka barazani. Pima asubuhi kabla hujatia kitu kinywani, na siku nyingine yakipita masaa mawili tangu uanze kula. Andika kwenye daftari, na pembeni uandike ulichokula, maana namba moja ya siku ya kliniki haimwambii daktari mambo ya nyumbani. Nawa kwa sabuni ukauke. Ukitoka kumenya embe ukajitoboa, mashine itasoma sukari ya embe. (Na wewe msomaji mwenye mzazi wa sukari, shika hili la kunawa.) Toboa ubavuni mwa kidole, hapaumi sana. Kikopo cha vijiti vya kupimia kifunge papo hapo, unyevu wetu wa pwani unaviharibu. Sindano yako ya kujitobolea usimwazime mtu, hata wifi.

Yote haya nilimfanyia mama nawe ukiyaona.

Siku ya matanga ulisimama mbele ya wazee na kile kikopo mkononi, ukasema, "Wamemtoboa mtu mzima vidole mpaka damu ikamwishia." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Mjomba akainamisha kichwa, hakuna aliyekujibu. Ukakitua kikopo mkekani, kifuniko wazi, vijiti vikamwagika, watoto wakaanza kuviokota. Damu gani iliyomwishia, kaka? Tone dogo kama punje ya mtama!

Umesahau usiku ule uliolala kwetu? Shuka limelowa jasho, mama anatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Ukasema ni usingizi, mwacheni. Nikampima: 2.6, sukari imeshuka mno. Alikuwa bado anaweza kumeza, nikamnywesha maji yenye vijiko vitatu vya sukari, zikapita dakika 15, nikampima tena: 4.8. Akaomba chai, nawe ukainywa pamoja naye.

Mama aliondoka kwa figo. Na figo zilianza kuharibika ile miaka ambayo hatukuwa na mashine, akipimwa siku ya kliniki tu. Daktari alituambia tukiwa wote wawili, wewe umekaa karibu na dirisha. Mimi sikumtesa mama. Kila nilipomshika kidole nilimwomba radhi kwanza, naye akinicheka.

Basi ikisoma chini ya 4, usianze na simu. Kunywa kitu cha sukari, ngoja, pima tena, halafu nipigie. Nitapokea saa yoyote, hata usiku wa manane. Ila lile neno la matangani uje ulifute mbele ya wazee walewale. Mjomba bado yu hai.