Malalamiko: kompyuta ya 1NZ mliyoniuzia ni ya gari ya manuali

Kwa Meneja wa Mauzo,

Salamu kutoka Nakuru. Naandika hii barua juu simu yangu mmeacha kushika na WhatsApp mnasoma mnanyamaza, kwa hivyo nimeona heri niweke kila kitu mahali pamoja kwa maandishi, na kopi nimebaki nayo.

Mliniuzia injini ya 1NZ, ile ya Toyota ya cc 1500, pamoja na kompyuta yake, ile boksi inayoamuru petroli na moto wa injini, ama niseme kile mlichoita kompyuta yake. Injini sina neno nayo, iko na kompresheni poa, haili oili, hata fundi aliisifu na yeye si mtu wa kusifu vitu. Shida yote iko kwa hiyo boksi ya kompyuta.

Kabla nitume hata shilingi nilimwambia yule kijana wenu wa mauzo gari yangu ni gani. Toyota Probox NCP50, ilitoka Japani na injini ya 2NZ ya cc 1300, gia boksi otomatiki ya gia nne, throto (ule mlango wa hewa ya injini) ya kebo, ufunguo ni chuma tupu hauna chipu. Nikapiga picha ya lever ya gia na herufi zake zote zinaonekana, nikapiga na ile stika ya kompyuta ya zamani, nambari inaanza 89661 na inasomeka vizuri bila hata kuvuta picha. Hakuniuliza swali hata moja. Alinijibu tu "itaingia hiyo boss, wote wanatumia", halafu chini yake nambari ya till.

Na kweli iliingia. Soketi zilikaa vizuri, kifuniko ni kile kile, tukaona mambo yameisha. Fundi akapiga stata, injini ikashika, ikakaa kama sekunde moja hivi ikazima. Akarudia, vile vile. Petroli iko, moto wa plagi uko, lakini ikishika tu inakatwa. Hapo ndio akashuku imobilaiza, ile kinga ya wizi inayozima injini isiposoma chipu ya ufunguo, akaunganisha mashini ya kusoma hitilafu na kodi ikatoka B2799, ambayo kwa Toyota ni mambo ya imobilaiza. Sasa mniambie, Probox yangu haijawahi kuwa na imobilaiza, haina ile koili ya kuzunguka swichi ya ufunguo, kompyuta itasoma chipu gani na wapi? Ilitolewa kwa gari ingine yenye ufunguo wa chipu, ikabaki inaungoja ufunguo wake ambao sijui uko Japani ama uko kwa takataka zenu.

Nilipowapigia kijana akasema, na hii meseji ninayo, "peleka kwa mtu wa kudikodi atoe imobilaiza, ni kazi ndogo". Kazi ndogo sijui kwa nani, mimi nililipa shilingi 4,000. Jamaa alifungua boksi, akatoa kachipu ka memori kanakoshikilia kodi za funguo, akakasafisha, akarudisha, na injini ikawaka ikatulia. Nikafurahi, nikalipa, tukatoka kuijaribu barabara ya Njoro.

Hapo ndio tuliona maajabu. Gari imeingia D, inatembea, lakini haibadilishi gia. Unakanyaga inapiga kelele tu, mwendo hauongezeki, iko gia ile ile kutoka mwanzo hadi mwisho, na kupanda kuelekea Egerton ilikuwa aibu, matatu zinatupita na kondakta anatupungia mkono. Fundi akarudisha ile kompyuta ya zamani ya 2NZ pale pale kando ya barabara, na gia zote nne zikabadilika bila shida. Kwa hivyo msiniambie gia boksi ni mbovu, hiyo mlishaisema na jibu ni hilo.

Sasa nieleze pole pole juu inaonekana hapo ofisini hakuna mtu amewahi kueleza huyo kijana. Kwa hizi Toyota kompyuta ya injini ndiyo pia inaendesha gia boksi otomatiki. Ndani ya gia boksi kuna solenoidi, valvu ndogo za umeme, zinafungua na kufunga njia za oili, na amri ya solenoidi inatoka kwa hiyo boksi moja. Ya gari ya manuali iko na umbo lile lile na soketi zile zile, lakini pini za solenoidi hazina kitu nyuma yake. Mliyonitumia ni ya manuali. Fundi alipofungua akalinganisha na ya zamani, ile sehemu ya bodi yenye ya kwangu imejaa, yenu iko wazi.

Na hii ndio ilinichoma zaidi. Mlisema mashini haikuonyesha kodi yoyote ya gia boksi, kwa hivyo kompyuta ni nzima. Jamani! Itaonyeshaje kodi na yenyewe haijui kuna gia boksi ya kuangalia? Kompyuta ya otomatiki solenoidi ikikatika waya inalalamika, inatoa P0753 na wenzake, taa inawaka kwa dashi. Ya manuali itakaa kimya hata ukitoa gia boksi yote ukaiweka chini.

Hiyo 89661 yenyewe inasema tu hii ni kompyuta ya injini ya Toyota. Zile tano zinazofuata baada ya kistari ndizo zinatenganisha hii na ile, injini gani, gia boksi gani, gari ya soko gani. Nambari yenu na nambari yangu baada ya kistari hazifanani. Picha mlikuwa nayo. Ilikuwa kazi ya dakika kuangalia kwa katalogi ya spea ni kompyuta gani inaenda na 1NZ kwa Probox ya otomatiki. Kwa throto ni bahati tu ilituokoa, juu injini ilikuja na ya kebo, ingekuwa ile ya umeme tungekuwa tunaongea mambo ya pedali na waya mpya saa hii.

Mtasema si nitumie tu ile ya zamani. Naitumia, kwa kuwa mkate wa wateja wa Molo na Elburgon haungoji. Lakini 2NZ na 1NZ zote ziko na silinda ya milimita 75, tofauti ni mwendo wa pistoni, 73.5 kwa 84.7, na ramani, yaani hesabu, za petroli na za moto kwa kompyuta ya zamani ziliandikiwa 1300. Inatembea, ndio, fundi anasema hiyo ni ya kutoa gari gereji. Mimi nililipia injini ya 1500 na kompyuta ya 1500, na bado niko na kazi ya NTSA, mamlaka ya usafiri, ya kubadilisha injini kwa logbook, ambayo lazima gari ikaguliwe, na sitaki kuipeleka ikiwa nusu nusu hivi.

Halafu nikiomba nirudishe mnaniambia haiwezi kurudi kwa sababu imefunguliwa. Imefunguliwa na nani alisema ifunguliwe? Someni meseji yenu wenyewe. Na hiyo karatasi ya "vitu vya umeme havirudishwi" nyuma ya risiti haiwasaidii hapa, juu sheria ya kuuza bidhaa, Sura ya 31, inasema mnunuzi akimwambia muuzaji anataka kitu cha kazi gani na akategemea ujuzi wake, kitu lazima kifae hiyo kazi. Kuna pia sheria ya kulinda mteja ya 2012 na Kifungu cha 46 cha Katiba. Mahakama ya madai madogo inachukua kesi hadi shilingi 1,000,000 na haitaki wakili, kwa hivyo naweza kuja mwenyewe na meseji zangu zimechapishwa. Sipendi kufika huko, niko na kazi.

Ninachotaka ni kompyuta ya 1NZ ya otomatiki, throto ya kebo, isiyo na imobilaiza, na mnitumie kwanza picha ya stika fundi aikubali kabla itoke dukani. Kama hamna, rudisheni shilingi 12,500 ya kompyuta. Kwa vyovyote ile 4,000 ya kudikodi ni yenu, na usafiri wa kurudisha mzigo pia ni wenu. Nangoja jibu la maandishi hadi Ijumaa ya wiki ijayo, si simu.

Kompyuta yenu iko gereji, imefungwa kwa katoni ile ile ilikuja nayo, na ile stika yake haijaguswa.

Mteja wenu,
Nakuru