Dakika 13 za Mikumi

Mhariri,

Naendesha lori kati ya Bandari ya Dar es Salaam na Tunduma tangu mwaka 2001. Kwenda napakia mbolea au kontena, kurudi shaba ya Zambia. Sijawahi kulipa kiingilio cha hifadhi yoyote maishani, lakini Mikumi nimeipita mara zisizohesabika, usiku na mchana, masika na kiangazi. Naandika kuhusu kile kipande cha kilomita 50 ambapo barabara kuu inakata katikati ya hifadhi, ukishaiacha Doma mpaka unapoingia Mikumi mjini. Nina jambo nililolifanya pale ambalo sijawahi kumweleza mtu zaidi ya mke wangu.

Ilikuwa mwezi wa Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tulikuwa tumekesha kwenye foleni ya mizani Mikese, na tajiri alishapiga simu mara tatu. Katika kampuni ile, ambayo nilishaiacha, aliyewahi kufika ndiye aliyepewa tripu inayofuata. Aliyechelewa alilala yadi wiki nzima bila mileji, yaani posho ya safari. Kwa hiyo nilikuwa kwenye 90, mahali ambapo usiku mwisho ni 50.

Kitu cha kwanza kuona kwenye taa kilikuwa masikio. Makubwa, ya duara. Walikuwa watano au sita wanavuka kwa mwendo wa kukimbia kidogo kidogo, wakifuatana. Nilikanyaga breki, trela likaanza kunisukuma kwenda kushoto, nikaachia maana ningelala nalo. Aliyekuwa nyuma nikampitia. Kwenye lori lililobeba mzigo huo hata hushtuki, ni kama umeingia kwenye shimo dogo. Utingo akasema, "Hao mbwa tu, suka, kanyaga twende."

Nilisimama mbele kidogo kuangalia matairi. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Nikaona wenzake wamerudi. Walimzunguka pale kwenye lami, wanamsukuma kwa pua, na wanatoa sauti nyembamba kama ya ndege, siyo kubweka. Likaja basi linapiga honi, wakatawanyika, likapita, wakarudi tena. Mimi nikapanda nikaondoka. Sikuripoti kokote.

Miezi kadhaa baadaye nilikaa meza moja na askari wa wanyamapori kwenye mgahawa wa Mikumi mjini, nikamuuliza kama habari za mtu mwingine. Akaniambia wale ni mbwa mwitu, na kwamba kusini mwa Tanzania ni kati ya sehemu chache ambako bado wapo kwa makundi ya maana. Afrika nzima inakadiriwa hawafiki 7,000. Akaniambia na hili: kiangazi ndipo wanapokuwa na watoto mashimoni. Kundi likienda kuwinda, wanabaki wa kuwalinda watoto, na wawindaji wakirudi wanatapika nyama ili watoto na walinzi wale. Kumbe ile alfajiri huenda nilimkuta akirudi na chakula cha wengine tumboni. Chai yangu niliiacha mezani.

Sasa hoja yangu. Vibao vipo. Kila mnyama ameandikiwa faini yake kwa dola, kuanzia swala mpaka tembo. Lakini faini inamkamata anayesimama, na dereva anayesimama baada ya kugonga mnyama usiku ni nadra. Mimi mwenyewe ni shahidi. Matuta nayo yapo. Sisi tunayajua yalipo kama tunavyojua milango ya nyumba zetu: tunapunguza kwenye tuta, na likishapita tunarudisha mwendo ule ule. Mchana unaruhusiwa kilomita 70 kwa saa. Kwa mwendo huo kipande chote ni dakika 43. Ukikimbiza 100 ni dakika 30. Tunaua kwa ajili ya dakika 13, na hizo 13 zinaishia zote kwenye foleni ya mizani au nyuma ya semi inayopanda mlima Kitonga kwa gia ya kwanza. Usiku unaruhusiwa 50, yaani saa nzima. Nayo ni saa moja katika safari ya siku mbili.

Ninachoomba TANAPA wenye hifadhi za taifa, polisi wa usalama barabarani na TANROADS wenye barabara kuu wakae wakiangalie ni kadi ya muda. Gari likiingia upande wa Doma, dereva apewe kadi yenye namba ya gari na saa aliyoingia. Akitokea upande wa Mikumi airudishe. Kama ametumia dakika 30, hakuna ubishi kwamba alikimbiza, hata kama hakugonga chochote, na alipe pale pale. Hakuna haja ya kujua aliongeza mwendo kwenye kona ipi. Na kadi iwe ya kila gari, lori, basi, gari dogo na msafara wa mkubwa. Mabasi ya mikoani yana kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwendo, lakini madereva wa barabara hii wanajua kuwa wanaokimbiza pale si mabasi peke yake.

Kuna wanaosema wekeni uzio pande zote mbili. Hao hawajakaa pale kiangazi. Barabara ndiyo imewapitia wanyama katikati: kaskazini kuna tambarare ya Mkata yenye nyasi na maji, kusini kuna vilima vya miombo vinavyoungana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo, nyati na hao mbwa wanatembea pande zote mbili. Ukiweka waya umeua kundi taratibu badala ya kumuua mmoja kwa bampa.

Wala sisemi barabara ihamishwe. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, barabara tayari ikiwa ipo, na ndiyo inayotulisha sisi na Zambia, Malawi na Kongo kwa pamoja. Lakini magari ya enzi hizo siyo ya leo. Leo lori na trela lake lina ruhusa ya mpaka tani 56, na tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Abiria wanafurahi, na wana haki. Ila usiku pale ni kugumu kuliko abiria anavyodhani. Twiga taa zinamshika miguu tu, kichwa kiko juu gizani, unafikiri ni miti. Tembo ana rangi ya vumbi la barabara. Na anayekufa haishii kuwa yeye: fisi anakuja kumla, asubuhi wanakuja tai, nao wanagongwa pale pale. Nimewahi kukuta tai wawili na fisi kwenye mzoga mmoja wa nyati, wote wamelala.

Na abiria, jamani, ndizi na mahindi mnayowarushia nyani dirishani yanawafanya wakae barabarani wakisubiri gari linalofuata. Linalofuata ni mimi, na mimi sina breki ya kuruka nyani mia.

Nimewahi kuwapa lifti wanafunzi wa chuo mpaka Iringa. Mmoja alitoka Rufiji, mwingine Kibondo. Walipowaona tembo, mama na ndama, wametulia kwenye nyasi hatua chache kutoka kwenye lami, walinyamaza wote mpaka tulipofika Mikumi mjini. Watanzania wengi tembo wao wa kwanza wamemwona hivyo, dirishani mwa gari hapo Mikumi, bila kulipa shilingi. Serengeti tunaiona kwenye kalenda. Mikumi tunaiona kwa macho.

Kama fedha za kuweka watu wa kadi saa 24 hazipo, waanze na usiku, saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Madereva tutanung'unika wiki ya kwanza. Matajiri watanung'unika zaidi, na wao ndio wapelekewe nakala ya kila faini ofisini, kwa sababu simu zile tatu za alfajiri hazikupigwa na mimi.

Dereva wa lori,
Makambako, Njombe