Muhuri wa duka si uchafu juu ya jalada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niujibu ushauri uliotolewa wiki mbili zilizopita katika ukurasa wako wa mambo ya kale, pale wasomaji walipoambiwa kwamba mwenye vitabu vya katuni vya zamani, kabla hajavipeleka kwa mnunuzi, ayasafishe majalada yake kwa kufuta mihuri, tarehe na majina yaliyoandikwa juu yake. Nimeusoma ushauri huo mara tatu nikitumaini kwamba nimeuelewa vibaya. Sikuuelewa vibaya, na unamwumiza mwenye mali. Nasema hivyo kwa sababu miaka sita iliyopita niliufuata ushauri wa aina hiyo hiyo kwa mikono yangu mwenyewe, na hasara yake bado ninayo ndani.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa vifurushi katika stesheni ya Tabora kabla yangu mimi kuingia katika kazi hiyo hiyo. Aliniachia sanduku la bati lenye vitabu na magazeti sabini na kitu: vitabu vya katuni vya Kimarekani, vichache vya Kiingereza, na matoleo ya African Film, lile gazeti la picha za kupigwa lenye mpelelezi Lance Spearman, ambalo vijana wa mwisho wa miaka ya 1960 walikuwa wakiazimana mpaka kurasa zikachakaa pembeni. Karibu kila jalada lilikuwa na alama. Mengine yalikuwa na muhuri wa duka, mengine tarehe iliyoandikwa kwa penseli kwenye kona ya juu, mengine jina la mteja aliyewekewa nakala yake chini ya meza, na baadhi tarakimu kubwa ya penseli ya buluu.

Dalali mmoja kutoka nje ya mkoa alikuja nyumbani, akayapitia majalada harakaharaka, akasema yamechafuliwa kwa mihuri na kwamba angerudi baada ya mwezi mmoja ayakute safi. Nilichukua vitabu vitatu nilivyoviona kuwa bora kuliko vyote. Nilianza kwa raba, nikafuata kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na muhuri mmoja uliokataa kutoka nikaupaka dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Wino wa muhuri ulififia, lakini wino wa picha ulikwenda pamoja nao; anga la buluu nyuma ya shujaa likabaki na doa jeupe lenye ukubwa wa kifuniko cha soda, mng'ao wa karatasi ukapotea, na jalada likajikunja kama jani la tumbaku lililotoka kwenye bani. Dalali aliporudi alivikataa vile vitatu. Akanunua kumi na moja vingine vikiwa na mihuri yake yote, kwa bei ya vitu vichafu.

Tangu siku ile nimejifunza kwa bidii jinsi vitabu hivi vinavyopimwa huko vilikotoka. Ili kujua alama inapunguza thamani kiasi gani, ni lazima kwanza kujua iliwekwa na nani na kwa kazi gani. Nchini Marekani vitabu vya katuni vya miaka ya 1930 na 1940 viliuzwa kama magazeti, kwa senti 10 nakala moja, na mwezi uliochapwa jaladani ulikuwa mbele ya mwezi wa kuuzwa. Toleo la kwanza la Action Comics, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza, limechapwa Juni 1938, lakini lilikuwa madukani tangu Aprili. Muuzaji alihitaji kujua ni lini kitabu kilifika kwake ili ajue ni lini akiondoe mezani na kudai fedha zake kwa msambazaji kwa nakala zisizouzwa. Kwa hiyo alipiga muhuri wa tarehe au akaiandika kwa penseli. Nakala iliyokosa mnunuzi mara nyingi ilikatwa kipande cha juu cha jalada, chenye jina la kitabu, na kipande hicho ndicho kilichorudishwa kuwa ushahidi. Nakala zilizokatwa namna hiyo zimepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Lakini ile tarehe ya kufika, ikiwa ndogo na nadhifu, wakusanyaji wengi hawaihesabu kuwa kasoro ya maana, na wapo wanaoitafuta, kwa kuwa inasema jambo ambalo mchapishaji hakulichapa: siku ambayo kitabu kilifika mikononi mwa watu.

Kampuni ya CGC, iliyoanza mwaka 2000, hupima vitabu hivi kwa daraja linaloanzia 0.5 hadi 10, kisha hukifungia kitabu ndani ya kasha la plastiki lenye lebo. Mwezi Aprili 2024 nakala ya Action Comics namba 1 yenye daraja la 8.5 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6, na kwa kitabu adimu kiasi hicho kila nusu ya daraja ni fedha nyingi. Tarehe ndogo ya penseli haikizuii kitabu kupata daraja la juu. Kinachokishusha kwa kishindo ni ukarabati: jalada lililopakwa rangi ili kuficha mikunjo, lililoongezwa karatasi pale lilipochanika, au lililooshwa kwa kemikali. Kitabu cha namna hiyo hupewa lebo ya zambarau badala ya ile ya buluu ya kawaida, na wanunuzi wanaoijua lebo hiyo hutoa fedha kidogo sana kuliko ambazo wangetoa kwa nakala isiyoguswa, hata kama kwa macho ile iliyokarabatiwa inapendeza zaidi. Makala yako haikuligusa jambo hili hata kwa sentensi moja.

Mfano ulionigusa kuliko yote ni wa Marvel Comics namba 1 ya mwaka 1939. Ipo nakala moja ambayo msimamizi wa kazi aliitumia kama daftari lake la hesabu, akaandika kwa mkono juu yake malipo ya wasanii waliochora kitabu hicho. Imeandikwa kuanzia jaladani. Mwaka 2022 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2.4, na waliokuwa wakishindana mnadani walikuwa wakiyashindania maandishi yale yale ambayo mwandishi wako angewashauri wayafute.

Kuna pia vitabu vya mkusanyaji Edgar Church wa Colorado, Marekani, maelfu kwa maelfu, vilivyonunuliwa kwa jamaa zake mwaka 1977 vikiwa vimehifadhika kwa namna isiyo ya kawaida. Vingi vina herufi za penseli jaladani, na leo herufi hizo ni mojawapo ya njia za kuthibitisha kwamba kitabu kimetoka kweli katika mkusanyo ule, ambao vitabu vyake huuzwa kwa bei ya juu kuliko vingine vya daraja lile lile. Na kuna Lamont Larson wa Nebraska, ambaye alipokuwa mtoto muuzaji wa dukani aliandika jina lake juu ya majalada ili vitabu vyake visiuzwe kwa mwingine. Jina la mtoto kwa penseli, lililoandikwa na mwenye duka! Anayekutana nalo leo hulikagua kwa makini kuliko anavyoukagua mchoro wenyewe. Niliposoma habari zake nilikumbuka majina ya wateja yaliyoandikwa kwenye majalada ya mjomba, maana desturi ni ile ile. Hata Uingereza wauza magazeti waliandika kwa penseli jina au namba ya nyumba ya mteja juu ya jalada kabla ya kijana wa kusambaza hajatoka na baiskeli, na vitabu vya Kimarekani vilivyoingizwa huko na kampuni ya Thorpe & Porter viligongwa muhuri wa bei ya fedha za Kiingereza.

Sisemi kwamba kila alama ni baraka. Kalamu ya wino iliyokandamizwa huacha mfereji kwenye karatasi unaoonekana hadi upande wa ndani, na wino mzito wa muhuri ukilowa hupenya mpaka ukurasa wa kwanza. Mtoto aliyemchorea shujaa masharubu amepunguza thamani ya kitabu, na hapo hakuna la kutetea. Mahali pa alama nako kuna uzito wake: muhuri ulio kwenye ukingo mweupe au ndani ya eneo la giza la picha husameheka, lakini muhuri huo huo ukiangukia uso wa mhusika mkuu mnunuzi atasita. Saini ya msanii nayo, kama haikushuhudiwa wala kuthibitishwa, huweza kuhesabiwa kuwa maandishi tu jaladani. Ila hata katika mambo haya yote, mwenye kitabu asiyekuwa fundi wa karatasi hana anachoweza kufanya jikoni kwake kwa raba na sabuni ambacho kitamwongezea senti moja. Raba huondoa mng'ao pamoja na wino wa chapa, na mahali palipofifia panaonekana vizuri ukiinamisha jalada kwenye mwanga. Mnunuzi mzoefu huliinamisha kabla hajasema neno.

Niruhusu nirudi kwetu, kwa sababu hapa ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi. Wamarekani wanao mwongozo wa bei wa Robert Overstreet tangu mwaka 1970, na mtu wa kule akikosea kuhusu nakala moja, habari za toleo hilo zimekwisha kuandikwa. Sisi historia ya nani alisoma nini, wapi na lini, kwa sehemu kubwa imo kwenye majalada yenyewe. Magazeti yaliyotoka Dar es Salaam yalifika Tabora kwa treni yakiwa yamefungwa mafurushi, na hapa ndipo njia ya reli inapogawanyika, moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza. Karatasi ya kufungia ilipochanika njiani, jambo lililotokea mara kwa mara, karani aliandika idadi ya nakala kwa penseli ya buluu juu ya jalada la nakala ya kwanza, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuandika. Niliandika tarakimu hizo mimi mwenyewe kwa miaka mingi. Mtu wa Ujiji au wa Nzega mwenye gazeti la zamani lenye tarakimu ya buluu juu yake anashika nakala iliyokuwa juu ya furushi, na ukiongeza muhuri wa duka lililokwisha kufungwa, amepata safari nzima ya gazeti lile kutoka kwenye behewa hadi kwa msomaji. Akiifuta, amebaki na gazeti lililochakaa lisilo na asili.

Vitabu vyangu vitatu sijavitupa. Kimoja, ukikifungua na kulitazama jalada kwa ndani, bado kinaonyesha herufi chache za muhuri zilizopenya karatasi, zikiwa zimegeuka kinyumenyume. Nimezisoma kwa kioo nikapata neno Tabora na nusu ya jina la mwenye duka, na nusu iliyobaki niliisugua mwenyewe.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, ukurasa ule utoe marekebisho katika toleo lijalo, kwa herufi za ukubwa ule ule uliotumika kutoa ushauri, na wasomaji waambiwe waviweke vitabu vyao mahali pakavu pasipo jua, wavipige picha majalada yake pamoja na mihuri yake, na wasivipeleke kwa dalali yeyote anayewataka wavisafishe kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Karani mstaafu wa reli,
Isevya, Tabora.