Robeson hakuwa mwimbaji aliyepita njia

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka 26 bila kukuandikia hata mstari mmoja, hata mwaka ule mlipochapisha chemshabongo ile ile wiki tatu mfululizo. Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu Paul Robeson, yule mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, imenishinda kuivumilia. Mwandishi wako ametumia safu nne kueleza sauti yake nzito, siasa zake, na jinsi serikali ya Marekani ilivyomnyang'anya pasipoti mwaka 1950 asirudishiwe hadi 1958. Kisha, karibu na mwisho, pale mnapoweka mambo ya kujazia nafasi, akaongeza kwamba marehemu aliwahi pia kuigiza.

Aliwahi pia kuigiza! Mtu aliyezaliwa Princeton mwaka 1898, mwana wa mchungaji aliyetoroka utumwani, akacheza mpira wa Kimarekani chuoni Rutgers kwa sifa ya taifa zima, akasomea sheria Columbia, kisha akaiacha sheria baada ya karani mzungu kukataa kuandika maneno aliyokuwa akimsomea, aliingia jukwaani akiwa ameshazijaribu kazi nyingine na kuzipima. Mwaka 1924 alicheza tamthilia mbili za Eugene O'Neill, mwandishi wa tamthilia wa Marekani. Mwaka 1930 alimcheza Othello, yule jemadari mweusi wa tamthilia ya Shakespeare, jijini London pamoja na mwigizaji Mwingereza Peggy Ashcroft, zama ambazo nafasi hiyo ilizoeleka kupewa wazungu waliojipaka weusi usoni. Mwaka 1943 akaipeleka tamthilia hiyo Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, nako ikachezwa mara 296, na mpaka leo hakuna tamthilia nyingine ya Shakespeare iliyofikisha idadi hiyo pale. Ningependa mwandishi wako avae joho zito usiku mmoja tu, asimame chini ya taa za jukwaani, amnyonge mke asiye na hatia na kujiua mwenyewe, kisha kesho yake jioni arudi kuanza upya akiwa hana habari ya lolote litakalotokea. Afanye hivyo mara kumi, si 296, ndipo aandike tena hilo neno lake "pia". Na mzee huyo, akikaribia miaka 61, aliporudishiwa pasipoti alikwenda Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare huko Uingereza, mwaka 1959 kumcheza Othello kwa mara nyingine.

Kuhusu sinema, mwandishi wako amekiruka hata kile kinachotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili, lugha ambayo Robeson alijifunza huko London katika miaka ya 1930. Katika Sanders of the River ya mwaka 1935, miongoni mwa waigizaji wa ziada alikuwemo Jomo Kenyatta. Robeson mwenyewe aliikana filamu hiyo baadaye, kwa kuwa ilipotoka chumba cha uhariri ilikuwa imegeuka kuwa sifa za utawala wa kikoloni. Baada ya 1942 aliziacha sinema za Hollywood kwa sababu ya aina ya nafasi alizopewa mtu mweusi. Uamuzi huo ni wa fundi anayeijua thamani ya kazi yake.

Nakasirika kwa sababu nimeigiza miaka 31, jukwaani, redioni na hatimaye kwenye filamu. Mwaka juzi nilikwenda kufungua akaunti katika benki moja ambayo sitaitaja, nipokee malipo ya filamu. Kijana wa dirishani aliniamkia vizuri, akaisoma fomu yangu, akasita penye neno "mwigizaji". "Mzee, hii ni kazi au ni kipaji?" Nikamjibu kuwa ni kazi. Akatabasamu kama mtu anayemstahi babu yake, akaandika "biashara ndogondogo". Ndivyo nilivyo katika kumbukumbu za benki ile mpaka leo, nami sijawahi kuuza hata karanga.

Na hapo, Mhariri, magazeti hayawezi kujitoa. Ninyi ndio mnaomwita kila mtu msanii: mwigizaji msanii, mwimbaji msanii, mchekeshaji wa sekunde thelathini msanii, na tapeli aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu mkasema amefanya usanii. Neno likishabeba wote hao, kijana wa dirishani atajuaje aandike nini?

Sikuombi unitake radhi. Nashauri jambo dogo. Ukurasa wa nyuma, pale mnapoweka utabiri wa mechi za kubashiri, tengeni mstari mmoja kila siku: "Leo Robeson amecheza Othello mara ya kwanza," kesho "mara ya pili," na kuendelea, bila kuruka siku. Gazeti lenu hutoka kila siku, kwa hiyo zoezi litachukua kama miezi kumi hivi. Mwandishi wa makala ile ndiye awe anaupiga chapa mstari huo kwa mkono wake, na siku atakayochoka aniandikie aniambie amefika ya ngapi.

Mwigizaji,
Tanga