Zamu ya Alhamisi

Kimara, Dar es Salaam
Jumatano jioni

Mama Jeska mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo!

Ulichoniuliza Jumapili kwenye simu sikuweza kukujibu, koo lilinibana na wewe ulinisikia. Nimeona nikuandikie, kama tulivyokuwa tukiandikiana tulipomaliza shule, wewe ukarudi Mwanza na mimi nikabaki huku. Uliniuliza kwa uchungu wala sikuona vibaya: "Mwenzangu, umepatwa na nini mpaka uachie maduka mawili ya Kariakoo?" Maneno yaliyokufikia nayajua. Wapo wanaosema nimefilisika, na wapo wanaosema nimenaswa na mtumishi wa maombezi anayenikamua. Yote si kweli. Duka la kwanza, lile la vitenge unalolijua, bado ninalo, na linanitunza mimi na watoto. Hayo mawili niliyaacha mwenyewe mikataba ya pango ilipoisha, na wasichana wangu nikawalipa haki zao zote. Sababu yake ni ndefu, na inaanzia kwenye cherehani.

Mali kauli unaijua. Mtu anachukua mzigo leo kwa neno lake tu, anauza, baada ya wiki mbili anakuletea fedha. Mwaka 2018 fundi mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa hapa Kimara, mama mjane, alichukua kwangu vitenge vya shilingi 480,000. Alitaka kushona sare za harusi. Katikati mtoto wake akaugua, fedha ikaishia hospitali, na mimi nikangoja mwezi, miezi miwili, mpaka ikafika minne. Kila nikimpigia anasema, "Nivumilie dada." Mwezi wa nne nikatuma vijana wawili na guta, wakabeba cherehani yake, ile nyeusi ya miguu. Sikwenda mwenyewe. Kwenye daftari nikaandika "limefungwa", nikapiga mstari.

Ile cherehani wala sikuwa na haja nayo, Mama Jeska. Ningeiuza isingefika nusu ya deni. Niliichukua ili wengine wajue kwamba mimi sichezewi. Ikakaa stoo nyuma ya marobota, imefunikwa na gunia, na kila nikiingia kuhesabu mzigo nilikuwa napita upande wa pili.

Miaka ile ndiyo niliyokuwa napata kuliko wakati wowote. Wakongomani na Wazambia walikuwa wananunua kwa marobota, na nilikuwa nakwenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka kuchagua mzigo. Duka la tatu nilikuwa nimelifungua kwa kilemba, ile fedha ya kupewa nafasi ya duka, ambacho hata leo naogopa kukitaja. Lakini usingizi! Nilikuwa naamka saa nane za usiku kuangalia dola imepanda kiasi gani, na kontena likikawia bandarini hata wiki moja chakula hakipiti. Kanisani nilikuwa nakwenda kila Dominika, hilo sikuacha. Nilipiga magoti wakati wa mageuzo huku nazidisha pisi za vitenge kwa bei. Padre anainua Ekaristi, mimi natafuta jibu la hesabu. Hilo nimelikiri kitubioni, kwa hiyo nakuambia bila kuficha.

Mwaka 2019 mama yangu akagundulika na saratani ya shingo ya kizazi. Rambirambi zako nilizipokea baadaye, sijazisahau. Usilolijua ni zile wiki tano za mionzi.

Alitibiwa pale Ocean Road, lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Lilifunguliwa 1897, na wakati ule lilikuwa hospitali ya Wazungu. Mimi nilikuwa nalipita kwa gari miaka yote bila kugeuza shingo. Mionzi haitolewi yote kwa siku moja. Inakwenda kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, ili sehemu nzima za mwili zipate nafasi ya kujijenga kati ya dozi na dozi. Mgonjwa aliyetoka Songea au Kigoma hawezi kwenda na kurudi, kwa hiyo anakaa mbali na kwao muda wote huo. Mama alikuwa na bahati ya kuwa na mtoto mjini. Nililipa kila kilichotakiwa kulipwa, nikaweka na gari la kumpeleka. Fedha ilisaidia, nisiseme uongo. Ila wiki ya pili mzigo ulikuwa unaningoja China, nikapanda ndege. Nilimwambia mama, "Ni siku kumi na mbili tu." Akasema, "Nenda mwanangu, riziki haingoji." Mpaka leo sijui alisema kwa moyo gani.

Nilirudi siku ya Alhamisi. Kutoka uwanja wa ndege sikupitia nyumbani, nilikwenda moja kwa moja wodini na begi langu. Mama alikuwa ameegemea mito miwili. Pembeni yake ameketi yule fundi, chupa ya uji iko sakafuni, anamnywesha kwa kijiko. Anapuliza, anaonja kwenye mdomo wake kwanza, anampa. Mama alikuwa hawezi kushika chakula wiki ile, tumbo lilikuwa linamkataa. Akitapika, fundi anashika beseni, anamfuta, anaanza upya na kijiko kingine. Nilisimama mlangoni na begi langu la Guangzhou na sikuweza kusogea.

Mama aliponiona akasema, "Karibu mwanangu. Huyu mwenzako amekuwa akija." Fundi akainuka, akanipa kiti, akaniamkia vizuri kabisa. Nilimfuata koridoni nikamuuliza, imekuwaje. Akanijibu kana kwamba nimemuuliza saa: "Jumuiya ilipanga zamu. Yangu ni Alhamisi." Basi. Hakuna neno la cherehani, hakuna jicho la kunisuta. Alikuwa amepanda mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni na chupa ya uji mapajani, akatembea kando ya bahari mpaka hospitali, amlishe mama wa mtu aliyemchukulia mkono wake wa kulia. Na alikuwa anaishi kwa kushona kwa cherehani ya kuazima, usiku, mwenye cherehani akiwa amelala.

Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipokutana mwaka 1976 wakaazimia kuzijenga hizi jumuiya ndogondogo, mimi na wewe tulikuwa bado hatujazaliwa. Nilikuwa naziona ni za wazee na wasio na shughuli. Jumamosi alfajiri nilikuwa namtuma mtoto apeleke mchango wangu. Kumbe ule mchango ulikuwa unanunua karanga za uji wa mama yangu.

Usiku ule sikulala tena, ila safari hii hapakuwa na dola wala kontena. Jumamosi nilikwenda stoo mwenyewe, nikatoa gunia, nikaita guta, nikapanda pembeni ya cherehani mpaka kwake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yule mama alifungua kifuniko, akazungusha gurudumu kwa kiganja, akasema, "Mkanda umekauka. Mafuta sijui ninayo?" Akaingia ndani kutafuta mafuta. Mimi nikabaki uani nalia na kuku wananizunguka. Alipotoka nikamwambia nisamehe. Akakaa chini, akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Nilikusamehe kabla sijaweka jina kwenye zamu. Haikuwa kazi ya siku moja, ilinichukua wiki nzima ya sala. Ningekwenda na kinyongo mama angekionja kwenye uji."

Unamkumbuka Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne? Niliketi nikapiga hesabu ya miezi yote aliyokosa cherehani yake. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea, akasema itakuwa ada ya mtoto.

Sasa nikuambie jambo lililonishika zaidi ya yote. Habari ya yule tajiri aliyemwendea Yesu akauliza afanye nini apate uzima wa milele tumeisikia tangu utoto, na siku zote tulikuwa tunakimbilia pale anapoambiwa auze vyote awape maskini. Mimi nilikuwa naiogopa habari hiyo, ikisomwa kanisani naangalia chini. Fungua Marko sura ya 10, mstari wa 21. Kabla hajamwambia neno lolote la mali, Yesu alimkazia macho, akampenda. Mathayo na Luka wanaisimulia habari hiyohiyo, lakini hilo la kumpenda ameliandika Marko peke yake. Alipendwa akiwa bado na mali zake zote, hajauza hata mbuzi, na Bwana akijua ataondoka na huzuni. Mimi nilipendwa vilevile. Cherehani ikiwa bado stoo kwangu, mama yangu alikuwa anapewa uji. Upendo ulinitangulia, ukafika wodini kabla yangu. Kama ningeambiwa kwanza "rudisha, ndipo tutakuja", ningerudisha kwa aibu ya watu, na moyo ungebaki palepale.

Mama alifariki Januari 2020, akiwa nyumbani, mimi nikiwa nimemshika mkono. Zile wiki za mwisho nilikuwa nazo zote, kwa sababu nilikuwa nimeshaacha kusafiri. Duka la tatu niliachia mwaka huohuo, la pili mwaka uliofuata. Uliponiuliza hasara yake ni kiasi gani sikukuficha kwa ubaya, Mama Jeska. Ni kubwa. Nyumba ya Mbezi imesimama kwenye lenta mpaka leo, na mtoto wa pili nimemhamisha shule. Kuna siku inaniuma. Lakini ulipotokea ule mgomo wa wafanyabiashara Mei 2023, Kariakoo imefungwa kabisa, kila mtu roho juu, mimi nilikwenda zangu hospitali kwa sababu ilikuwa wiki ya zamu, na usiku nikalala mpaka asubuhi. Nilipoamka nikashangaa. Nilikuwa sijaomba hata usingizi huo.

Usije ukadhani nausifu umaskini. Umaskini nimeuona wodini, na hauna uzuri. Nimemwona baba wa watu ameuza ng'ombe wawili kumleta mkewe mjini, na nauli ya kurudi hana. Nimewaona wanawake wa mtaani kwetu waliochukuliwa mpaka magodoro na mikopo ya kausha damu, na nikijiangalia mimi na lile guta, sikuwa tofauti sana na wale wakopeshaji. Ndiyo maana duka nimelishika. Faida yake sasa ina kazi. Nilianza na mafundi watano wa kuchukua vitenge kwangu kwa mali kauli, akikwama mmoja tunakaa tunazungumza, na hakuna atakayefuatwa na guta. Mmoja alinikimbia na mzigo kweli, yuko huko Morogoro. Iliniuma, nikamsamehe, wanne waliobaki wanalipa.

Alhamisi sasa ni yangu, niliirithi kwa yule fundi macho yalipoanza kumsumbua. Siku hizi mama yangu hayupo, kwa hiyo nakwenda kwa ambao hawana mtu mjini. Naamka saa kumi kasoro, napika uji, nashuka Kivukoni. Nikiwahi napita kwanza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo walianza kulijenga 1897, mwaka uleule hospitali inafunguliwa, nakaa benchi la nyuma dakika kumi. Halafu nakwenda. Muuguzi ananionyesha nani anaruhusiwa uji na nani haruhusiwi, kwa sababu wengine siku za dawa hawatakiwi kula vitu fulani. Sihubiri. Bibi mmoja wa Lindi, Mwislamu mcha Mungu, ndiye rafiki yangu mkubwa pale mwaka huu. Akimaliza uji ananiombea dua, na mimi naitikia amina kwa moyo wote. Aliniuliza wiki iliyopita nina watoto wangapi, na kabla sijajibu akasema, "Na mimi uniweke humo." Nimemweka.

Jambo jingine, na hili nakuomba kama ndugu. Jeska ana miaka kumi na miwili sasa. Mpeleke akachanjwe chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi, au uwaulize shuleni kwao. Inatolewa bure kwa wasichana nchini tangu 2018. Usingoje. Nimekaa pembeni ya vitanda vya kutosha.

Uliposema tuungane mtaji twende Guangzhou pamoja mwakani, nilijua unanipenda na unataka kuniinua. Asante. Sitakwenda. Ila Desemba ukija, usishukie kwa shemeji yako Tegeta, uje kwangu. Tutafunga duka saa tisa, nikupeleke kwa yule fundi akushonee gauni la Noeli kwa cherehani ileile, mkanda mpya nilinunua mimi. Na ukifika kabla ya Alhamisi utanisaidia kubeba. Chupa ni mbili sasa, moja ya sukari na moja isiyo na sukari, na ngazi za pale kituoni Kimara zinachosha mikono.

Wasalimie baba na watoto wote. Saa nne imegonga, unga wa ulezi umeshapimwa na karanga nimezimenya. Nakwenda kulala.

Ni mimi wako,
Mama Eliya