Mjomba, nyama haziko chini

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu na wewe ulinisema mbele za watu. Ilikuwa Julai, kipupwe cha Njombe kimeshika barabara, sote tumejikunyata jikoni kwa Anti na masweta yetu, nami mpwa wako wa Dar nimejitolea kupika. Nikakuwekea bakuli la supu ya viazi. Ukaonja. Ukazamisha kijiko hadi chini ya bakuli, ukakizungusha taratibu kama mtu anayetafuta pete iliyodondokea kisimani. Kisha ukanitazama.

"Wanasema kunywa mtori, nyama zipo chini. Mimi chini nimefika, mpwa wangu. Nyama sijaziona."

Watoto walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Anti akageukia ukutani akajifanya anatafuta chumvi, lakini mabega yalimsaliti.

Siku ile sikukujibu. Mjomba hajibizwi mbele ya watoto wake. Sasa nimerudi Tabata, nimeipika ile supu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na jibu ninalo.

Nianze na jina, maana nadhani ndilo lililokuudhi kabla hata hujaonja. Kwako wewe, na kwa Watanzania wengi tu, supu ni ile ya asubuhi: kongoro au mbuzi, mchuzi mwepesi unaong'aa mafuta, ndimu, pilipili, chapati mbili pembeni. Ukimwambia mtu twende tukanywe supu halafu ukamletea viazi vilivyopondwa, atakuona tapeli. Hilo nalielewa. Lakini huo mtori ulionitania nao ni kitu gani? Ni ndizi zilizochemshwa zikavurugwa kwa mwiko mpaka zikawa nzito na laini, chakula ambacho Wachagga wanampa mzazi arudishe nguvu. Nyama imo, sawa. Ila ukiondoa nyama umeupunguzia utamu tu. Ukiondoa ndizi huna mtori tena. Mimi nimefanya lile lile, nikatumia viazi, na viazi nyie ndio wenyewe.

Wala nyama sikuiacha kwa ubahili. Sababu nilikuwa nayo, Anti anaijua, na hapa hadharani siitaji. Nasema tu kwamba Pasaka nilikuona ukiihamisha nyama ya mbuzi kutoka shavu la kushoto kwenda la kulia, ukairudisha la kushoto, halafu ukaiweka pembeni ya sahani ukasema umeshiba. Basi. Siongezi neno.

Sasa upande wangu. Ile supu ilikuwa mbaya kweli, na kosa halikuwa la nyama.

Kwangu huku viazi vilivyokatwa vipande vidogo vinaiva kwa dakika 20. Nilikuja Njombe na dakika zangu 20 kama nilivyokuja na begi langu. Nikasahau kwamba hapo kwenu ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, maji yanawahi kuchemka, kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Yanatokota kwa kelele zile zile, ila joto lenyewe ni pungufu. Ndiyo maana maharage ya Anti yanashinda jikoni na mimi kila mwaka najiuliza anatumia maharage gani.

Nilipoona vipande bado vigumu katikati, sikuwa na subira. Nikamimina kila kitu kwenye blenda ya binti yako, nikaiacha izunguke mpaka mkono uliokuwa umeshika mfuniko ukachoka. Hapo ndipo nilipoharibu. Ndani ya kiazi wanga umekaa kama vipunje vidogo sana vilivyofungiwa ndani ya seli. Ukikiponda kwa mwiko kikiwa kimeiva, seli zinaachana na nyingi zinabaki nzima, na supu inakuwa laini. Visu vya blenda vinazipasua hizo seli, wanga unamwagika wote kwenye maji ya moto, na unachopata ni gundi. Ulisema ingefaa kubandikia mabango ya uchaguzi. Nilikasirika. Ulikuwa sahihi.

(Na wewe msomaji mwingine unayepita hapa: usijaze blenda kitu cha moto ukakaza mfuniko. Mvuke unautupa juu, na dari ya watu haifutiki kirahisi.)

Siku hizi naanza na kiazi chenyewe. Kwako ni kama kumfundisha samaki kuogelea, ila sisi wa mjini tunauziwa kwa macho tu, hatujui kipi cha unga na kipi cha maji. Supu inataka cha unga, kile ambacho ukikichemsha ganda linapasuka lenyewe. Sokoni namwomba muuzaji anikatie kimoja, nasuguanisha zile nusu mbili. Zikitoa povu na kuanza kunatana, nanunua. Nyumbani kuna mchezo mwingine ambao utakuchekesha: kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji. Kiazi cha unga kinazama kwa sababu ni kizito kwa wanga, cha maji kinaelea. Chenye ukijani sihangaiki nacho, kinabaki sokoni. Ile sumu yake haiondoki kwa kuchemsha.

Kilo moja inatosha watu watano, au wanne kama wewe umo.

Nakata vitunguu maji viwili vyembamba, naviweka kwenye vijiko viwili vya siagi, moto mdogo kabisa. Humu nakataa haraka. Dakika 10 au zaidi, vilegee na kung'aa, visibadilike rangi, maana vikishakuwa vya kahawia supu inapata ladha ya pilau isiyo na wali. Pamoja na vitunguu natia mabua ya giligilani niliyokatakata. Watu wanayatupa, na ndiyo yenye nguvu kuliko majani. Mwishoni punje tatu za kitunguu saumu, zisikie moto kidogo tu. Halafu viazi, chumvi, maji yapande juu ya viazi kwa upana wa kidole, kijiti kimoja cha rozimeri, nafunika.

Huku dakika 20, kwenu hesabu hata 35, lakini usihesabu. Choma kwa kisu. Kiazi kikivunjika kabla hujakisukuma, kimeiva. Natoa rozimeri, nashika mwiko, naponda nikibana kwenye ukuta wa sufuria. Vikibaki vipande viwili vitatu sivifukuzi, vinampa mlaji kitu cha kukutana nacho. Aliyetaka laini kama hariri apitishe kwenye chujio, mimi sina huo muda.

Maziwa yanaingia mwisho. Ya ng'ombe wako ndiyo yangefaa kuliko haya ya paketi ninayonunua hapa: vikombe viwili, yawe yamepashwa, moto uwe mdogo, na baada ya hapo supu isitokote tena. Juu yake ule utando mnene unaoganda kwenye maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Huo ndio krimu yetu, wala haununuliwi. Ndimu isiingie sufuriani, maziwa yatakatika. Anayeitaka akamulie bakulini mwake. Watu wa pwani, ambao viazi hivi wengine wanaviita mbatata, wanaweza kutia tui zito badala ya maziwa, nao wanajua kwamba tui halipewi kisogo.

Tuje kwenye majani, kwa sababu hapo ndipo nilipokukosea zaidi na hukugundua. Siku ile nilichuma giligilani nzuri kabisa nyuma ya nyumba, fungu zima, nikaitumbukiza sufuriani pamoja na viazi tangu mwanzo. Ilipotoka ilikuwa na rangi ya gwanda la mgambo na haikunukia chochote. Majani ya viungo yako ya aina mbili, nami nilikuwa nayachukulia kama ukoo mmoja. Yale yenye kijiti kigumu, rozimeri na thaimu, yanavumilia moto na yanahitaji muda yaachie harufu. Na hata hayo kwa kiasi, maana rozimeri ikizidi unakunywa dawa ya kikohozi. Yale malaini, giligilani (Unguja wataniambia kotmiri, Kenya wataniambia dania), mrehani, majani ya vitunguu, hayo mafuta yake ya harufu yanapaa na mvuke ndani ya dakika chache. Moto uzimwe kwanza. Kisha yaingie, ufunike dakika mbili, ufunue mezani mbele ya mlaji ili harufu imkute yeye, isiishie kwa mpishi.

Tena yakatwe yakiwa makavu na kwa kisu kikali. Kisu butu kinayaponda, yanatoa maji na kuwa meusi. Mrehani mimi nauchana kwa vidole. Kichaka cha rozimeri cha Anti pale mlangoni, ambacho kuku wanakifanya kivuli chao, ukikipiga picha ukaituma Dar watu watadhani una hoteli.

Nina jambo jingine nililotaka kukuambia tangu zamani. Viazi asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Huko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia ulio kwenye mita zipatazo 2,600 na wenye baridi inayofanana na yenu, wana supu yao ya viazi inayoitwa ajiaco. Wanatia aina tatu za viazi, na mojawapo, vile vidogo vya njano, vinayeyuka vyenyewe na kuifanya supu iwe nzito bila unga wala blenda. Na jani linaloipa harufu yake wanaliita guascas. Nikalitafuta hilo jani. Nikaona picha: viua vidogo, kitovu cha njano, petali tano nyeupe zilizochanika ncha. Kitaalamu ni Galinsoga parviflora. Mjomba, ni gugu! Limejaa katika mashamba ya nyanda za juu Afrika Mashariki, na nina hakika umelipalilia maisha yako yote, na mimi ulinilipa kwa andazi nikiwa darasa la nne nikalipalilie. Wenzetu wanalikausha na kuliuza. Usilichume kwenye shamba ulilopiga dawa ya ukungu, lakini kama limeota kule kwenye bustani ya mboga, niachie kidogo.

Nakiri kabla hujaniumbua: ajiaco ina kuku ndani.

Kwa hiyo nakuletea ushahidi mwingine usio na nyama. Mfaransa mmoja mtaalamu wa dawa, Antoine-Augustin Parmentier, alitekwa na Waprusi katika Vita vya Miaka Saba vya karne ya 18, na huko kifungoni akalishwa viazi. Kwao Ufaransa wakati huo wengi waliviona ni chakula cha mifugo. Aliporudi akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuvipigia debe, na hadi leo supu ya Kifaransa ya viazi na liki, mboga ya jamii ya kitunguu, inaitwa kwa jina lake. Viazi, liki, maji, siagi au krimu. Alihitaji kufungwa ndipo avielewe, nami sitaki tufike huko.

Najua utasema maneno mengi, supu moja. Najua pia kwamba mwaka jana ulipouza viazi kwa lumbesa, gunia likiwa na kichwa kirefu kuliko kiwiliwili, ulilalamika wiki nzima kwamba watu wa mjini hawajui thamani ya kiazi. Basi huyu hapa mtu wa mjini anayejaribu kujua, na wewe unamtafutia nyama bakulini.

Nafika Jumamosi. Sihitaji gunia. Niwekee kilo mbili za vile vinavyopasuka vikichemka, na maziwa ya asubuhi. Giligilani isichumwe mpaka nifike. Kama bado utataka nyama, nitachemsha kuku pembeni mpaka alainike kabisa, nimchambue nyuzi nyuzi, nimtie ndani, wala sitauliza kwa nini.

Anti, naomba ufiche blenda.